Kutoka Kariokor hadi Manyani

Kabla ya kuwa mtaa wa Nairobi, Kariokor ilikuwa kambi. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza waliwakusanya hapa wapagazi wa Carrier Corps, waliowabebea wanajeshi risasi na unga katika vita dhidi ya Wajerumani. Mwaka 1917 wengi walikamatwa vijijini kwa nguvu. Makumi ya maelfu hawakurudi, na waliouawa na maradhi walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 manispaa ilijenga hapo nyumba za wafanyakazi Waafrika. Miaka 25 baadaye, serikali ile ile ya kikoloni ikaja tena kuchukua watu.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 24 Aprili 1954, mwaka wa pili wa Hali ya Hatari iliyotangazwa dhidi ya uasi wa Mau Mau. Kabla ya mapambazuko, maelfu ya wanajeshi na polisi wa Jenerali George Erskine waliuzingira mji wa Nairobi, kisha wakapekua mitaa ya Eastlands, Kariokor ikiwemo, nyumba hadi nyumba. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitengwa na wenzao na kupitishwa mbele ya gakunia, wasaliti waliofunikwa magunia yenye matundu ya macho. Gakunia akitikisa kichwa, mtu ameponea; akikiinamisha, mtu amekwenda. Hapakuwa na hakimu wala wakili.

Operesheni hiyo, iliyoitwa Anvil, iliendelea kwa wiki kadhaa na kuwatia kizuizini zaidi ya watu 20,000. Wake na watoto kwa maelfu walirudishwa mashambani. Wanaume walichujwa Lang'ata, kisha wakasafirishwa hadi Mackinnon Road na Manyani, kwenye nyika kavu.

Manyani ilijaa mara moja. Wafungwa waligawanywa katika madaraja yenye majina ya rangi: weupe walikaribia kuachiliwa, kijivu walisubiri, weusi walihesabiwa sugu. Mwaka huo huo homa ya matumbo ilizuka kambini na kuua makumi. J.M. Kariuki, aliyepitia Manyani na kambi nyingine nyingi kwa miaka saba, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1963.

Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa wahanga 5,228 wa mateso ya enzi hiyo pauni milioni 19.9. Manyani ingali gereza. Anayeandika historia ya Kariokor na kuishia kwenye wapagazi ameacha nusu yake huko nyikani, pamoja na wapangaji waliotolewa vyumbani mwao alfajiri bila kushtakiwa.