Mshauri mwelekezi na sera ya mazingira: Nani ashike kalamu Kiribati?

Na Mwandishi Wetu

SERA ya mazingira ni waraka ambao wananchi wengi hawausomi, lakini ndio unaoelekeza mchanga uchotwe wapi, taka zitupwe wapi na vyanzo vya maji ya kunywa vilindwe vipi. Katika nchi ndogo za visiwa vya Bahari ya Pasifiki, waraka huo mara nyingi huandikwa na mtu aliyekodiwa kwa miezi michache, tena aghalabu akitoka nje ya nchi.

Mtu huyo huitwa mshauri mwelekezi. Hupatikana kwa zabuni, mara nyingi hulipwa kwa fedha za wafadhili, na kazi yake ikiisha huondoka. Swali lililo mbele ya nchi hizo ni moja: anapoondoka, huacha nini?

Makala haya yanaeleza jinsi mshauri wa aina hiyo anavyopatikana, kazi anayopewa, na mambo yanayoifanya kazi yake ifae au ipotee bure. Mfano unaotumika ni wa Jamhuri ya Kiribati, nchi ambayo kosa dogo katika sera linaweza kugharimu kisima cha mji mzima.

Kiribati ni nchi gani?

Kiribati, ambayo wenyeji hulitamka jina lake 'Kiribas', ilipata uhuru kutoka kwa Uingereza Julai 12, 1979. Ina visiwa 33 vilivyogawanyika katika makundi matatu, ambayo ni Gilbert, Phoenix na Line.

Nchi kavu yote ni kilomita za mraba 811 tu, yaani pungufu kuliko kisiwa cha Pemba. Hata hivyo, eneo lake la bahari ni takriban kilomita za mraba milioni 3.5, zaidi ya mara tatu ya ukubwa wa Tanzania nzima.

Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu karibu watu 120,000. Zaidi ya nusu yao wanaishi Tarawa Kusini, kwenye ukanda mwembamba wa ardhi usiofikia kilomita za mraba 20.

Ukiondoa Banaba, ambacho ni kisiwa kilichoinuka, visiwa vingine ni vya matumbawe. Vingi vina umbo la pete, na ndani ya pete kuna lagoni, yaani maji ya bahari yaliyozungukwa na ardhi na miamba. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo haiinuki zaidi ya mita tatu au nne juu ya usawa wa bahari.

Hakuna mito. Maji ya kunywa ya Tarawa Kusini hutegemea mvua na tabaka la maji matamu lililo chini ya ardhi ya Bonriki na Buota, ambalo huelea juu ya maji ya chumvi. Mvua ikikatika, tabaka hilo hupungua. Nyumba, vyoo na mifugo vikilisogelea, huchafuka. Juni 2022 serikali ililazimika kutangaza hali ya maafa kutokana na ukame.

Mazingira ya nchi hiyo, kwa hiyo, si suala la wataalamu peke yao. Anayejenga nyumba huhitaji mchanga na kokoto, na vya karibu zaidi viko ufukweni. Akivichota, bahari husogea kwake au kwa jirani yake. Ndiyo maana ulianzishwa mradi uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya wa kuchimbua mchanga ndani ya lagoni kwa meli maalumu, ili kupunguza uchotaji wa ufukweni.

Kwa nini sera ihuishwe?

Kiribati ilipitisha Sheria ya Mazingira mwaka 1999 na kuifanyia marekebisho mwaka 2007. Baadaye ikaandaa Sera Jumuishi ya Mazingira ya mwaka 2012.

Sera hiyo iligawanywa katika maeneo makuu matano: mabadiliko ya tabianchi, hifadhi ya viumbe hai wa visiwani, udhibiti wa taka na uchafuzi, matumizi ya rasilimali, na utawala wa mazingira.

Sera huzeeka kama sheria inavyozeeka. Mwaka 2015 dunia ilikubaliana Malengo ya Maendeleo Endelevu na Mkataba wa Paris. Baada ya serikali ya Rais Taneti Maamau kuingia madarakani mwaka 2016, nchi ilijiwekea dira ya miaka 20 ya hadi mwaka 2036, inayotegemea zaidi uvuvi na utalii. Desemba 2022 mataifa yalipitisha huko Montreal mfumo mpya wa kulinda viumbe hai. Waraka ulioandikwa mwaka 2012 usingeweza kuyatabiri hayo yote.

Mambo ya ndani nayo hubadilika. Mfano mkubwa ni Hifadhi ya Visiwa vya Phoenix. Eneo hilo lilitangazwa mwaka 2006, likapanuliwa mwaka 2008 hadi kilomita za mraba zipatazo 408,000, na mwaka 2010 likaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kuanzia Januari 1, 2015 uvuvi wa kibiashara ulipigwa marufuku humo.

Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba itaifungua tena hifadhi hiyo kwa wavuvi. Sababu yake inaeleweka kwa yeyote anayesoma bajeti ya nchi hiyo, kwani ada za leseni za uvuvi, hasa wa jodari, ndizo zinazochangia sehemu kubwa ya mapato ya serikali. Wahifadhi walisikitika, huku serikali ikisema ina wajibu wa kwanza kwa wananchi wake.

Jambo kama hilo haliwezi kuamuliwa na mshauri mwelekezi, kwa kuwa ni uamuzi wa kisiasa. Anachoweza kufanya ni kuweka mezani faida na hasara za kila njia kwa uwazi, ili wenye mamlaka wasije wakasema hawakujua.

Mshauri hupatikanaje?

Hatua ya kwanza ni hadidu za rejea. Huu ni waraka unaoeleza kazi inayotakiwa, muda wake, mambo atakayokabidhi mshauri na sifa anazopaswa kuwa nazo. Huandaliwa na wizara inayohusika, mara nyingi kwa kushirikiana na mfadhili au taasisi ya kikanda.

Katika Pasifiki, taasisi kuu ya kikanda ya mazingira ni SPREP, yenye makao yake Apia, Samoa, iliyowekwa kisheria kwa mkataba wa mwaka 1993. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, nchi kadhaa za visiwa ziliandaa mikakati yao ya kwanza ya mazingira chini ya mwavuli wake. Hadi sasa taasisi hiyo hutangaza zabuni za washauri kwa niaba ya nchi wanachama.

Hatua ya pili ni tangazo. Waombaji huleta maelezo ya jinsi watakavyofanya kazi, wasifu wao na bei yao. Kamati ya tathmini hutoa alama kwa uwezo wa kitaalamu na kwa gharama, kisha mkataba hutiwa saini.

Hatua ya tatu ni kazi yenyewe. Kwa kawaida mshauri huanza kwa ripoti ya awali inayoonyesha mpango wake. Hufuata mapitio ya sheria na nyaraka zilizopo, mikutano ya wadau, rasimu ya kwanza, warsha ya kuihakiki rasimu, na hatimaye rasimu ya mwisho inayopelekwa kwenye Baraza la Mawaziri. Malipo hutolewa kwa awamu kadiri kila hatua inavyokamilika.

Utaratibu huu ni mzuri kwenye karatasi. Udhaifu wake hujitokeza katika utekelezaji.

Kasoro zinazojirudia

Kasoro ya kwanza ni umbali. Tarawa na Kiritimati, visiwa viwili vya nchi moja, vimetenganishwa na zaidi ya kilomita 3,000 za bahari. Kwa miaka mingi msafiri wa ndege kutoka kimoja kwenda kingine alilazimika kupitia Fiji. Bajeti ikiwa finyu, mshauri huishia Tarawa Kusini, naye huandika 'wananchi walishirikishwa' ilhali aliokutana nao ni maofisa wa mjini.

Matokeo yake ni sera ya mji mkuu iliyopewa jina la taifa. Mkulima wa magimbi wa kisiwa cha mbali, ambaye shimo lake la kilimo huingiwa na chumvi bahari inapofurika, hajioni ndani yake. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kasoro ya pili ni lugha. Kiingereza ni lugha rasmi, lakini mambo mazito ya jamii hujadiliwa kwa Kikiribati ndani ya maneaba, jumba la mikutano la kijiji, ambamo wazee huheshimiwa na kila ukoo una mahali pake pa kuketi. Hata Bunge la nchi huitwa Maneaba ni Maungatabu. Mshauri asiye na mwenzake mwenyeji wa kumfasiria maneno na desturi husikia majibu ya heshima tu, akayadhani ni makubaliano.

Kasoro ya tatu ni kunakili. Mshauri aliyeandika sera ya nchi moja hujaribiwa kuihamishia nchi jirani kwa kubadili majina. Mambo ya misitu na mito hujitokeza katika nchi isiyo na mto hata mmoja, na suala la mchanga wa ufukweni likapewa mistari miwili.

Kasoro ya nne, ambayo huenda ndiyo kubwa kuliko zote, ni takwimu kuondoka na mshauri. Ripoti hubaki, lakini hesabu, ramani na orodha za waliohojiwa hubaki kwenye kompyuta yake. Mshauri anayefuata huanza upya na hulipwa upya. Ni kwa sababu hiyo SPREP na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira waliendesha mradi ulioitwa Inform katika nchi 14 za Pasifiki, kwa fedha za Mfuko wa Mazingira wa Dunia, ili kila nchi iwe na hazina yake ya takwimu za mazingira.

Mfano wa jambo lililofaa

Si kweli kwamba kila kinacholetwa na wataalamu huishia kabatini. Mwaka 2004 Kiribati ilitunga sheria iliyouwezesha mpango wa Kaoki Mange, maana yake 'rudisha taka'. Kopo au chupa ya kinywaji hutozwa senti tano za Australia inapoingia nchini, na anayeirudisha kituoni hulipwa senti nne.

Mpango huo ulifaa kwa sababu tatu. Ulilenga tatizo moja ambalo kila mtu aliliona barabarani na ufukweni. Ulikuwa na chanzo chake cha fedha, badala ya kungoja bajeti ya kila mwaka. Na uliwekewa sheria, hivyo haukutegemea utashi wa ofisa mmoja.

Hiki ndicho kipimo ambacho sera yoyote mpya inapaswa kupimwa nacho: kila lengo liwe na mwenye dhamana, fedha na sheria ya kulisimamia. Lengo lisilo na mambo hayo ni matumaini tu, hata likiandikwa kwa ufasaha.

Kumbukumbu ya Banaba

Wenyeji wa Kiribati wana sababu ya kuwa waangalifu na wataalamu wa kutoka nje. Mwaka 1900 fosfeti iligunduliwa Banaba, kisiwa chenye takriban kilomita za mraba sita. Uchimbaji ulioanza mwaka huo uliendelea hadi 1979, mwaka wa uhuru, ukiacha sehemu kubwa ya kisiwa ikiwa mashimo na nguzo za mawe.

Desemba 1945 Wabanaba walihamishiwa Rabi, kisiwa kilichoko Fiji, na wengi wa wazao wao wanaishi huko hadi leo. Jamii ya Rabi ina mwakilishi katika Bunge la Kiribati. Mshauri anayeandika sera ya mazingira ya nchi hiyo bila kuwasikiliza atakuwa ameruka watu ambao mazingira yao yaliharibiwa kuliko ya wengine wote.

Msomaji ajifunze nini?

Suala hili haliko Pasifiki pekee. Sera ya Taifa ya Mazingira ya Tanzania ya mwaka 1997 ilikaa zaidi ya miaka 20 kabla ya kupatikana Sera ya mwaka 2021. Zanzibar, yenye matumbawe na fukwe zake, ilikuwa na sera ya mwaka 1992 na ikapata nyingine mwaka 2013. Maneno ya hadidu za rejea, zabuni na warsha ya wadau si mageni kwa mwananchi wa Dar es Salaam.

Nchi ndogo kukodi mtaalamu si aibu. Wizara yenye maofisa wachache, inayopaswa kufuatilia mikataba mingi ya kimataifa huku ikisimamia taka na fukwe za kila siku, inahitaji msaada. Tatizo huanza pale msaada unapogeuka kuwa mbadala wa wenyeji.

Kwa hiyo, mwananchi anaposikia kwamba sera ya mazingira inahuishwa, yafaa aulize maswali manne. Je, mshauri amepewa mwenza mwenyeji atakayebaki na ujuzi? Je, amefika vijijini, na rasimu imesomwa kwa lugha ya wananchi? Je, takwimu zote zitakabidhiwa serikalini? Na je, kila lengo limetajiwa fedha zake na atakayewajibika lisipofikiwa?

Majibu ya maswali hayo hupatikana katika hadidu za rejea, miezi mingi kabla ya uzinduzi wa sera. Hapo ndipo wenye nchi wanapopaswa kushika kalamu. Mshauri akishasaini mkataba, atatekeleza kile tu alichoandikiwa.