Ardhi ya Arua na Koboko: Bei na Thamani

Imekuwa desturi yetu walimu, tusimuliapo historia ya Nile Magharibi, kuanza na mipaka na kumalizia na vita. Ardhi yenyewe twaifanya jamvi tu walilokalia wakubwa. Katika makala haya twakusudia kuuliza jambo jingine: ardhi hiyo iliwapa watu nini, na matumizi yake yalipogeuzwa, ni nini kilichopotea?

Nchi hii ilikuwa sehemu ya Lado, ambayo Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alikodishwa mwaka 1894 kwa muda wa maisha yake. Alifariki mwaka 1909, nchi ikarudi Sudani mwaka uliofuata, na mwaka 1914 upande wake wa kusini ukatiwa katika Uganda. Arua ikawa makao ya wilaya. Watawala walipima maili na kuhesabu walipa kodi. Wenyeji walikuwa na kipimo kingine. Masimulizi ya Walugbara husema kwamba mashujaa wao wa kale, Jaki na Dribidu, walifia milimani: Jaki katika mlima Liru, ulioko Koboko, na Dribidu katika mlima Wati. Mlima wa namna hiyo hauna bei sokoni, lakini una thamani.

Kodi ilidai fedha. Wanaume wengi wakaenda Buganda kutafuta kazi, na baadaye tumbaku ikawa zao la biashara nyumbani. Tumbaku ya mvuke hukaushwa bandani kwa joto la moto uwakao mchana na usiku kwa siku kadhaa. Kwa hiyo kila msimu hula kuni nyingi. Fedha iliingia, karo ikalipwa, nasi hatulibezi jambo hilo. Lakini katika daftari la mnunuzi iliandikwa bei ya jani peke yake. Mti uliochomwa haukuandikwa. Mikaratusi ikapandwa kuziba pengo. Hukua upesi, nayo hutoa kuni na nguzo. Walakini shamba la mti mmoja si msitu wenye matunda, dawa na kivuli cha namna nyingi.

Mwaka 1997 Robert Costanza na wenzake walikadiria kwamba huduma ambazo maumbile huwapa wanadamu duniani, kama vile kusafisha maji, kushika udongo na kuchavusha mimea, zina thamani ya dola trilioni 33 kwa mwaka. Hesabu hiyo imebishaniwa sana, lakini imetufunza jambo moja: kisichoandikwa bei hudhaniwa kuwa ni bure, na cha bure huharibiwa bila kuulizwa.

Siku hizi wapo wasemao kwamba wakimbizi ndio waliomaliza miti. Ni kweli kwamba makazi ya Lobule, wilayani Koboko, yalipofunguliwa mwaka 2013 kwa ajili ya watu wa Kongo, na Imvepi ilipofunguliwa tena mwaka 2017 kwa ajili ya watu wa Sudani Kusini, mahitaji ya kuni na miti ya kujengea yalizidi. Lakini mabanda ya tumbaku, tanuri za matofali na mkaa wa mjini vilitangulia. Tena tusisahau kwamba baada ya mwaka 1979 watu wa Nile Magharibi wenyewe walikimbilia Zaire na Sudani, wakakata kuni katika misitu ya wenyeji wao. Nyani haoni kundule.

Sisi walimu wa lugha tuna sehemu yetu katika hesabu hii. Mti ukitoweka, jina lake halikawii kuufuata, na pamoja na jina hupotea maarifa ya matumizi yake. Basi tuwatume wanafunzi wetu kwa wazee, waandike majina ya miti kwa Kilugbara na Kikakwa, waeleze kwa Kiswahili kila mti ulifaa nini, na waonyeshe mahali uliposimama. Orodha hiyo haitarudisha msitu. Lakini atakayepanda kesho atajua apande nini.