Faharisi ya matangazo ya vifo: mwongozo kwa wanaojitolea parokiani

Faharisi ya matangazo ya vifo ni orodha ya majina yaliyotajwa katika matangazo hayo, iliyopangwa ili mtu ampate jamaa yake bila kusoma karatasi zote. Katika mtaa wa Mabanga, kama kwingine mjini Goma, tangazo la kifo husomwa redioni, hutolewa kanisani Jumapili, huchapwa kwenye programu ya ibada ya mazishi, na siku hizi hutumwa kwa WhatsApp. Matanga yakisha kuondolewa, karatasi hizo hupotea upesi.

Kwa nini tuziandike

Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma na kuteketeza maelfu ya nyumba pamoja na karatasi zilizokuwa ndani. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ililipuka tena, na mwishoni mwa Januari 2025 vita viliingia mjini. Kila mara watu walikimbia bila vyeti. Mjane anapodai kiwanja cha marehemu mumewe, au yatima anapotafuta ndugu za baba yake, tangazo la kifo laweza kuwa karatasi pekee inayotaja mke, watoto, ndugu na kijiji cha asili kwa pamoja. Tangazo si cheti cha kifo, na kifo bado chapaswa kuandikishwa serikalini. Lakini linaonyesha ni nani wa kuulizwa.

Majina

Usiandike jina moja tu. Kwa Wanande, majina mengi hufuata mpangilio wa kuzaliwa: Kambale ni mtoto wa kiume wa pili, Kasereka wa tatu, Kakule wa nne. Faharisi yenye «Kambale» peke yake haimsaidii mtu. Andika majina yote, na majina ya baba na mama yakitajwa.

Kumbuka pia mwaka 1972, serikali ya Mobutu ilipokataza majina ya Kikristo. Mzee aliyebatizwa kwa jina moja anaweza kuonekana kwa jina lingine katika karatasi za miaka hiyo. Majina yote mawili yaandikwe, kila moja mahali pake.

Undugu

Andika neno lililotumika, usilitafsiri. «Mtoto» anaweza kuwa wa ndugu. «Baba mdogo» ni ndugu wa baba. «Kaka» anaweza kuwa mtoto wa shangazi. Anayebadilisha neno kwa kukisia anaweza kumpa mtu urithi usio wake, au kumnyima aliye na haki.

Tarehe na mahali

Tenganisha siku ya kufa, siku ya kuzika na siku ya kuondoa matanga. Taja kaburi liko wapi. Kama tangazo lasema «juzi», andika «juzi» pamoja na tarehe ya tangazo. Pasiposomeka, acha wazi.

Namna ya kufanya kazi

Piga picha ya tangazo kwanza, ndipo uandike. Watu wawili waandike tangazo lilelile bila kutazamana, na wa tatu alinganishe. Utaratibu huo ulitumiwa kwa miaka mingi na FamilySearch ya Marekani, ambako mwaka 2012 maelfu ya watu wa kujitolea walitengeneza faharisi ya sensa nzima ya 1940 kwa miezi michache. Parokia haihitaji mitambo hiyo: daftari moja lenye mistari iliyonyooka latosha. Nakala ya pili iwekwe nje ya Goma, kwa sababu karatasi zilizo katika nyumba moja huungua pamoja.

Walio hai

Tangazo hutaja pia watu walio hai. Namba za simu, makao yao na sababu ya kifo visiingie katika orodha inayoonwa na wote. Mahali ambapo jina au kabila laweza kumletea mtu hatari, daftari litunzwe na katibu wa parokia, na anayetafuta aulizwe kwanza ana uhusiano gani na marehemu. Familia ikikataa, jina liondolewe.

Ezra 2:62 yasimulia watu waliorudi kutoka uhamishoni, wakatafuta orodha ya vizazi vyao wasiione, wakaondolewa katika ukuhani. Kwetu pia wako wanaorudi na kuuliza. Jumapili ijayo, programu ya mazishi iliyobaki kwenye benchi isitupwe. Ipelekwe kwa katibu.