Mikono Inyooshayo Nyayo: Historia ya Mguu Kifundo na Pwani ya Ruvuma

Historia ya pwani ya kusini iliandikwa kwa nyayo kabla ya kuandikwa kwa wino. Misafara ya pembe na ya watumwa ilitoka nchi za Ziwa Nyasa ikateremka kwa miguu hadi Kilwa na Mikindani. Machi 1866 David Livingstone alishuka Mikindani akaushika mto Ruvuma kuelekea bara. Mwaka 1870, huko Bambarre katika nchi ya Manyema, vidonda vya nyayo vilimlaza kwa muda upatao siku 80. Hata leo riziki ya watu wa mlango wa Ruvuma hutafutwa kwa mguu: mvuvi wa Msimbati huyafuata maji yanapokupwa, na mkulima wa Kitaya au Mahurunga huanza siku yake kwa mwendo wa kwenda shamba.

Katika nchi kama hiyo, mtoto azaliwaye na nyayo zilizogeukia ndani huzaliwa na swali. Kisigino kimepanda juu, unyayo umejikunja, vidole vinatazamana na mguu wa pili, na kifundo ni kigumu kiasi kwamba mkono hauwezi kukirudisha kwa mara moja. Hali hii Tanzania huitwa mguu kifundo. Humpata takriban mtoto mmoja kati ya kila watoto elfu wanaozaliwa. Wavulana huwa mara mbili ya wasichana, na kwa nusu yao miguu yote miwili huwa imepinda. Mtoto mwenyewe haumwi. Maumivu huja baadaye, asipotibiwa, atakapoanza kukanyagia ubavu wa mguu au mgongo wa unyayo, ngozi ikaota sugu, viatu vikamkataa, na wenzake wakampa jina.

Wahenga walikwisha kuonya juu ya jina hilo waliposema: hujafa hujaumbika. Lakini hawakuishia katika huruma. Walisema pia: udongo uwahi ungali maji; na tena: samaki mkunje angali mbichi. Semi hizi hutumiwa aghalabu kwa malezi ya tabia, na ni nadra kukumbukwa kwamba zina ukweli wa mwili pia. Wakunga na wakandaji wa pwani waliujua ukweli huo mikononi mwao. Mtoto mchanga hupakwa mafuta ya nazi, akakandwa na kunyooshwa viungo, kwa sababu mwili wake bado unasikia. Kilichopungua hapo ni njia ya kukizuia kisirudi kile ambacho mkono umekwisha kukinyoosha, na ujuzi wa mahali hasa pa kuweka kidole.

Upungufu huo haukuwa wa pwani peke yake. Hippocrates wa Ugiriki, miaka 400 hivi kabla ya Kristo, aliagiza kwamba mguu wa namna hii unyooshwe mapema, taratibu, kwa mkono, kisha ufungwe vitambaa. Akaifananisha kazi hiyo na ya mtu afinyangaye nta. Wengi waliomfuata waliusahau upole wake wakashika nguvu. Wapenzi wa mashairi wanamjua Lord Byron, mshairi wa Kiingereza aliyezaliwa mwaka 1788 na mguu wa kulia wenye kasoro, ingawa wataalamu bado wanabishana juu ya jina la kasoro hiyo. Alipokuwa mtoto katika mji wa Nottingham alikabidhiwa kwa mtu aliyeitwa Lavender, aliyejidai tabibu, ambaye aliupinda mguu ule kwa nguvu na kuubana katika chombo cha mbao. Mateso yalikuwa makubwa, na mguu haukupona. Mwaka 1810 Byron aliogelea kuvuka mlangobahari wa Hellespont, na si ajabu kwamba alijivunia tendo hilo: majini hakuna achechemeaye.

Katika karne ya 20 kisu kilitumika sana. Madaktari wapasuaji walikata kano, wakafungua viungo, wakaupanga mguu upya, na kwa macho ulionekana umenyooka. Aliyetilia shaka kazi hiyo alikuwa mtu wa kisiwani. Ignacio Ponseti alizaliwa mwaka 1914 katika kisiwa cha Menorca, Hispania, mwana wa fundi saa, na utotoni alimsaidia baba yake katika karakana. Alihitimu udaktari Barcelona mwaka 1936, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokuwa vinaanza. Alitibu majeruhi wa upande wa Jamhuri, akavuka milima kuingia Ufaransa mwaka 1939, akawa daktari wa kijijini Meksiko, na mwaka 1941 akafika Iowa, Marekani. Huko aliwachunguza watu waliopasuliwa utotoni, akaona kwamba nyayo zao zilikuwa ngumu, dhaifu na zenye maumivu. Akauliza kama mkono haukuachwa mapema mno.

Jibu lake lilikuwa katika utaratibu. Kwanza huinuliwa mfupa wa kidole gumba, ili mkunjo wa unyayo ulainike. Kisha unyayo wote husukumwa polepole kuelekea nje, dole gumba la mtibabu likiegemea kichwa cha mfupa wa kifundo, upande wa nje. Kisigino chenyewe hakishikwi. Hapa ndipo alipotofautiana na J. Hiram Kite wa Atlanta, aliyebonyeza mbele kidogo ya hapo: mbonyezo huo hukizuia kisigino, nacho ndicho kinachopaswa kuzunguka na kurudi mahali pake. Tofauti ni ya upana wa kidole tu, lakini ndiyo iliyotenga miguu iliyopona na ile iliyokaa katika plasta miezi na miezi bila nafuu.

Baada ya kunyooshwa kwa dakika chache, mguu hufungwa plasta ya jasi, ile ambayo mitaani huitwa hogo, kutoka vidoleni hadi pajani. Baada ya wiki moja plasta hufunguliwa, mguu hunyooshwa tena, hufungwa tena. Plasta tano hadi saba kwa kawaida hutosha. Kwa watoto walio wengi, mwishoni kano ya kisigino hukatwa kwa tundu dogo, na plasta ya mwisho hukaa wiki tatu kano ikijiunga upya. Utafiti uliochapishwa mwaka 1995 uliwafuatilia watu waliotibiwa hivyo na Ponseti, wakiwa sasa na umri wa wastani wa miaka 34: 78 katika kila mia walikuwa na miguu mizuri au mizuri sana, wakilinganishwa na 85 katika mia ya wale waliozaliwa bila kasoro.

Dunia ilichelewa kumsikiliza, lakini Afrika Mashariki haikuwa ya mwisho. Nchini Uganda daktari Mkanada Norgrove Penny aliishika njia hii, akishirikiana na Shafique Pirani, daktari wa Kanada mwenye asili ya Uganda, ambaye kipimo chake cha ugumu wa mguu, kuanzia 0 hadi 6, sasa hutumika duniani kote. Malawi nayo ilionyesha, katika ripoti ya mwaka 2005, kwamba kazi hii yaweza kufanywa vyema na maafisa tabibu, si lazima na madaktari bingwa. Na katika nyumba ya Katalemwa, Kampala, Michiel Steenbeek alibuni viatu vya kuzuia mguu usirudi, vilivyoshonwa kwa ngozi ya kawaida na kuunganishwa kwa ufito wa chuma. Kisiginoni pana tundu, ili mama achungulie na kuona kama kisigino cha mwanawe kimeketi.

Tanzania, hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1994, imelifanya jina la mguu kifundo lijulikane na watu wengi. Ila Mtwara iko zaidi ya kilomita 500 kutoka Dar es Salaam, na plasta hubadilishwa kila wiki. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, msafiri wa kusini alisubiri kivuko cha Rufiji, na masika yalipokolea barabara ilikatika. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, mafuriko yaliikata tena barabara hiyo huko Somanga. Basi tiba iliyo rahisi kwa vifaa yaweza kuwa ghali kwa nauli, na ndiyo maana mikono yenye ujuzi inapaswa kuwa karibu na mahali mtoto anapozaliwa.

Tena kazi haishii hospitalini. Viatu vile huvaliwa saa 23 kwa siku kwa muda wa miezi mitatu, kisha kila usiku hadi mtoto afike miaka minne au mitano. Vikiachwa, mguu hukumbuka mkunjo wake ukarudi. Sababu kubwa ya kushindwa ni hii, na inaeleweka: mguu umekwisha kunyooka, mtoto analia usiku, jirani anauliza kwa nini anateswa, na mama yuko peke yake na neno la daktari. Bibi, mkunga na baba wakilijua neno hilo, mama hatakuwa peke yake.

Wamakonde wana fani mbili za mikono. Mchongaji hukipata kinyago kwa kuondoa: hukata mpingo hadi umbo litokee. Mfinyanzi, ambaye huko ni mwanamke, haondoi; huubembeleza udongo mbichi hadi ukubali, kisha huupa muda ukauke katika umbo hilo. Kwa muda mrefu tiba ya mguu kifundo ilimfuata mchongaji. Imefaulu iliporudi kwa mfinyanzi.