Hadiwea inaishia wapi, sofwea inaanzia wapi?

Mpelekee fundi simu inayowaka na kuishia kwenye nembo ya kampuni, na jambo la kwanza atakalotaka kujua ni hili: tatizo ni hadiwea au sofwea? Siku yangu ilipofika, fundi aliigeuzageuza simu, akaichomeka kwenye kompyuta yake, akasema, "Mdogo wangu, hii sofwea tu. Naiflashi, baada ya nusu saa njoo uichukue." Nikashusha pumzi. Sofwea maana yake bei nafuu. Hadiwea maana yake kufungua, kuchomelea, na pengine kununua kipuri.

Lakini alichoandika upya hakikuwa WhatsApp wala mchezo fulani. Ilikuwa ile programu ya ndani kabisa inayoiamsha simu, ambayo kwenye menyu huitwa programu dhibiti na mafundi huiita femwea. Imeandikwa kama programu nyingine yoyote, ila bila hiyo simu ni kipande cha kioo tu. Sasa tuiweke upande gani?

Darasani tuliambiwa hadiwea ni unachoweza kukishika na sofwea ni usichoweza kukishika. Ukifuatilia historia, utaona huo mstari umehamishwa mara nyingi. Na mara nyingi uliouhamisha ni swali moja la kawaida sana: kosa likionekana baada ya mashine kutoka kiwandani, nani anaweza kulirekebisha, na kwa gharama gani?

Jedwali la Wilkes

Tuanzie Cambridge, Uingereza. Mei 1949 timu ya Maurice Wilkes iliwasha EDSAC, mojawapo ya kompyuta za mwanzo kabisa kuhifadhi programu kwenye kumbukumbu yake yenyewe. Ukitaka hesabu nyingine, unaingiza utepe mwingine wa karatasi. Kilichobaki kigumu ni kitengo cha udhibiti, yaani saketi zinazopokea agizo kama "jumlisha" na kuamua njia ipi ifunguke kwanza na ipi ifuate. Hayo yote yalikuwa kwenye nyaya. Kuongeza agizo jipya kulimaanisha kuingia tena kwenye msitu huo.

Mwaka 1951, kwenye mkutano mjini Manchester, Wilkes alipendekeza njia nyingine. Vunja kila agizo kuwa hatua ndogondogo, kisha ziandike hatua hizo kwenye jedwali, ndani ya kumbukumbu ndogo iliyomo kwenye mashine. Agizo likija, mashine inasoma jedwali mstari kwa mstari na kufuata. Utaratibu huo ulipata mashine kamili mwaka 1958, EDSAC 2, na leo yaliyomo kwenye jedwali hilo tunayaita maikrokodi.

Ona kilichotokea. Tabia ya mashine iliyokuwa kwenye nyaya sasa iko kwenye jedwali, na jedwali huandikwa.

IBM waliona faida yake haraka. Tarehe 7 Aprili 1964 walitangaza System/360, familia ya kompyuta ndogo kwa kubwa zilizoelewa maagizo yaleyale. Mteja akinunua ndogo, akakua, ananunua kubwa bila kuandika programu zake upya. Model 30, mojawapo ya ndogo, ilipitisha biti 8 tu kwa mara moja, lakini maikrokodi ikaiwezesha kutii maagizo ya biti 32 kwa kwenda hatua nyingi zaidi. Model 75, mojawapo ya kubwa, haikuhitaji hilo. Maagizo yake yalitekelezwa moja kwa moja na saketi. Yaani "jumlisha" ileile ilikuwa maandishi kwenye mashine moja na nyaya kwenye nyingine, na programu ya mteja haikuona tofauti!

Kitu hiki kilihitaji jina. Mwaka 1967 Ascher Opler, akiandika kwenye jarida la Datamation, akakiita femwea, kwa maana ya kitu kilichoshikamana: si laini kama sofwea, si kigumu kama hadiwea. Miaka minne baadaye, 1971, IBM ilihitaji njia rahisi ya kupeleka maikrokodi kwa wateja wa mashine zake za System/370, ikatoa diski laini ya inchi 8. Kumbe flopi, ile ambayo picha yake bado ni alama ya "hifadhi" kwenye kompyuta yako, ilizaliwa ili kubeba femwea.

Programu iliyofumwa

Mwaka huohuo mambo yaligeuka kichwa chini mbali kidogo: kwenye obiti ya Mwezi.

Kompyuta ya vyombo vya Apollo, iliyobuniwa MIT, ilikuwa na kumbukumbu za aina mbili. Ndogo, yenye maneno 2,048 (neno hapa ni kifurushi cha biti 16), iliweza kuandikwa na kufutwa. Kubwa, yenye maneno 36,864, ilifumwa. Kufumwa kweli, siyo methali: kwenye kiwanda cha Raytheon huko Waltham, Massachusetts, wafanyakazi ambao wengi wao walikuwa wanawake walipitisha nyaya kwenye pete ndogo za sumaku. Waya ukipita ndani ya pete ni moja, ukipita nje ni sifuri. Programu ikishafumwa, ndiyo basi. Iliandikwa na waandishi wa programu, lakini ungeweza kuishika na kuipima kwenye mizani.

Tarehe 5 Februari 1971, Alan Shepard na Edgar Mitchell wa Apollo 14 walikuwa wakijiandaa kushuka. Kompyuta ikaanza kupokea ishara kwamba kitufe cha kusitisha kutua kimebonyezwa, na hakuna aliyekigusa. Mitchell akigonga paneli, ishara inapotea, kisha inarudi. Ilishukiwa kuna kipande cha chuma kinachoelea ndani ya swichi. Ishara hiyo ingetokea katikati ya kushuka, kompyuta ingeiamini na kuwarudisha juu.

Fikiria hali ilivyokuwa. Hadiwea ni mbovu na hakuna fundi wa kuifungua. Sofwea imo kwenye nyaya, haiandikiki. Kilichobaki ni yale maneno 2,048. Don Eyles, mwandishi wa programu wa MIT mwenye umri wa miaka 27, akatafuta namba za kuingiza humo ili programu iamini kwamba usitishaji tayari unaendelea, hivyo isikisikilize tena kitufe. Namba zikasomwa kwa redio, Mitchell akazibonyeza moja moja, na wakatua salama.

Dola milioni 475

Mwaka 1994 Thomas Nicely, profesa wa hisabati huko Virginia, Marekani, aligundua kwamba kompyuta yake inakosea baadhi ya hesabu za kugawanya. Kosa lilikuwa kwenye prosesa ya Pentium ya Intel: jedwali la namba ndani ya saketi ya kugawanya lilikosa baadhi ya namba zake. Kwa sura lilikuwa kosa la sofwea kabisa, orodha iliyonakiliwa vibaya. Ila orodha hiyo ilikuwa imechongwa kwenye silikoni. Desemba mwaka huo Intel ilikubali kumbadilishia chipu kila anayetaka, na ikatenga dola milioni 475.

Prosesa iliyofuata, Pentium Pro ya 1995, ilikuja na nafasi ya kupokea maikrokodi mpya hata baada ya kuuzwa. Faida yake ilionekana Januari 2018, udhaifu wa Meltdown na Spectre ulipotangazwa. Safari hii hatukurudisha chipu dukani. Sehemu ya dawa ilikuja kama maikrokodi, inayopakiwa upya kila kompyuta inapowashwa kwa sababu ukizima umeme inafutika. Mwanzoni baadhi ya kompyuta zilianza kujiwasha upya ovyo, na Intel ikashauri dawa hiyo isimamishwe kwanza. Kwa hiyo prosesa, kitu tulichokihesabu kuwa hadiwea tupu, sasa inapata masasisho yenye hitilafu kama programu yoyote.

Ufunguo uko kwa nani?

Turudi kwa fundi. Simu yangu ilipona kwa sababu mtengenezaji aliacha njia ya kuandika femwea. Ziko simu zisizokubali faili lolote lisilo na saini ya kidijitali ya kiwanda, na maikrokodi ya Intel hulindwa vivyo hivyo. Kuna sababu nzuri: mlango ulio wazi kwa fundi uko wazi kwa mwizi pia. Lakini matokeo yake ni kwamba kitu kilicho laini kabisa kwa kiwanda ni kigumu kama chuma kwako wewe uliyekinunua.

Ndiyo maana siku hizi nikisikia "hadiwea au sofwea?" naongeza swali la pili: laini kwa nani? Wilkes alihamisha tabia ya mashine kutoka kwenye nyaya hadi kwenye maandishi ili iwe rahisi kubadilika. Nani aruhusiwe kuibadilisha, hilo halikuamuliwa na umeme wala silikoni. Linaamuliwa na watu, na bado halijaisha.