Mwalimu wa Chekechea Nchini Kenya: Cheti Kilichotangulia Mshahara



Miongoni mwa kazi zote za ualimu, hapana iliyochelewa kupewa heshima ya taaluma kama kazi ya kumfundisha mtoto ambaye bado hajafikia umri wa kuingia darasa la kwanza. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba mwanamke yeyote mpole, mwenye kupenda watoto, anaifaa kazi hiyo, na kwamba haihitaji mafunzo wala cheti. Jirani zetu wa Kenya walikuwa mbele katika kuikataa dhana hiyo. Walibuni utaratibu ambao kwa huo maelfu ya wanawake wa vijijini walipata kuwa walimu wenye cheti bila ya kuyaacha madarasa yao. Lakini historia hiyo hiyo yaonyesha pia kwamba kumpa mwalimu cheti ni jambo moja, na kumpa riziki ni jambo jingine.

Shule za chekechea, ambazo Wakenya wengi huziita nasari, zilianza katika miaka ya ukoloni. Katika miaka ya 1940 zilikuwako mijini kwa ajili ya watoto wa Wazungu na wa Wahindi. Mtoto wa Mwafrika alivijua vituo vya namna nyingine, vya mashamba ya kahawa na chai, na vya vijiji ambamo wananchi walikusanywa kwa nguvu baada ya Hali ya Hatari kutangazwa mwaka 1952. Shabaha ya vituo hivyo ilikuwa kuwalinda watoto na kuwapa chakula wakati mama zao wako kazini. Aliyewasimamia alihesabiwa kuwa yaya, wala hakuna aliyemwita mwalimu.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, wananchi waliitikia mwito wa Harambee kwa ari kubwa. Vikundi vya akina mama, makanisa na halmashauri vilifungua nasari kila upande wa nchi. Nyingine katika vyumba vya udongo, nyingine chini ya miti. Mwalimu alichaguliwa na wazazi wenyewe miongoni mwa wasichana na wanawake wa kijiji, na wengi wao walikuwa wamesoma shule ya msingi tu. Kwa kuwa hakuwa na mafunzo, mwalimu huyo alifundisha kama alivyofundishwa yeye: watoto wa miaka minne waliketishwa kimya, wakaimba herufi na namba mpaka saa ya kurudi nyumbani.

Mageuzi yalianza mwanzoni mwa miaka ya 1970, pale Taasisi ya Elimu ya Kenya, kwa msaada wa mfuko wa Bernard van Leer wa Uholanzi, ilipoanzisha mradi wa elimu ya chekechea jijini Nairobi. Mradi ulitafuta njia ya kumfunza mwalimu aliyekwisha kuwa kazini. Mwaka 1980 dhamana ya shule hizo ilitolewa katika wizara iliyoshughulikia ustawi wa jamii, ikakabidhiwa wizara ya elimu. Badiliko hilo lilikuwa na maana kubwa, kwa kuwa lilikiri kwamba yanayofanyika katika nasari ni elimu, si ulezi peke yake. Kisha, mwaka 1984, kikaundwa kituo cha taifa cha elimu ya watoto wadogo, kijulikanacho kwa kifupi kama NACECE, na tangu mwaka 1985 vikaanza kufunguliwa vituo vya wilaya, yaani DICECE.

Utaratibu wa mafunzo ulikuwa wa busara. Mwalimu hakutakiwa kuiacha shule yake kwa miaka miwili, jambo ambalo lingemaanisha kuifunga shule yenyewe. Aliendelea kufundisha muhula mzima, na likizo za Aprili, Agosti na Desemba zilipofika alikwenda kukaa kituoni na wenzake, akajifunza makuzi ya mtoto, afya na lishe, na namna ya kufundisha kwa michezo. Muhula ulipofunguliwa, mkufunzi wa wilaya alimfuata darasani kumtazama akifundisha. Baada ya miaka miwili ya mwendo huo, aliyefaulu alipewa cheti.

Jambo la kusifiwa zaidi ni kwamba mafunzo hayo hayakuudharau utamaduni wa wananchi. Vituo vya wilaya vilikusanya hadithi, nyimbo, vitendawili na michezo ya watoto katika lugha za mahali, vikavifanya kuwa vifaa vya kufundishia. Walimu walijifunza kutengeneza vikaragosi na vitu vya kuchezea kwa udongo, vitambaa, mbegu na vifuniko vya chupa.

Katika pwani ya Kenya fikira hiyo ilichukua sura yake. Viongozi wa Kiislamu walisikitika kuona watoto wao wanabaki nyuma katika shule za msingi, nao wakaomba msaada kwa Aga Khan. Mwaka 1986 mpango wa chekechea za madrasa ulianza Mombasa, chini ya uongozi wa Bi Swafiya Said. Wanawake wa mitaa yenyewe walifunzwa kuunganisha mafundisho ya dini na michezo, hesabu na lugha. Mpango huo ulivuka mipaka: mwaka 1990 ulifika Zanzibar, na mwaka 1993 ukafika Uganda.

Lakini, ndugu wasikilizaji, mshahara ulitoka wapi? Mwalimu wa shule ya msingi nchini Kenya aliajiriwa na tume ya walimu ya taifa. Mwalimu wa nasari, isipokuwa katika baadhi ya miji ambako halmashauri zilimwajiri, alilipwa kwa karo ya wazazi. Mavuno yakiwa haba, naye alikosa. Cheti chake kilitambuliwa na serikali, lakini jina lake halikuwamo katika daftari la mishahara ya serikali.

Udhaifu huo ulifichuka waziwazi mwaka 2003, serikali ya Rais Mwai Kibaki ilipofuta karo katika shule za msingi. Lilikuwa tendo jema lililowafungulia milango watoto wengi. Hata hivyo nasari hazikuhusishwa. Baadhi ya wazazi wakaona hapana haja ya kulipia chekechea ilhali darasa la kwanza ni bure. Wakawaondoa watoto, au wakawapeleka moja kwa moja shule ya msingi. Watoto walipopungua, karo ilipungua, na pamoja nayo ujira wa mwalimu aliyejifunza kwa jasho katika likizo sita. Katiba iliyopitishwa mwaka 2010 ndiyo iliyoikabidhi elimu ya chekechea kwa serikali za kaunti. Kaunti 47 zilipoanza kazi mwaka 2013, nyingi zilijenga madarasa na kuajiri walimu, ingawa masharti ya kazi yamekuwa yakitofautiana baina ya kaunti moja na nyingine.

Sisi Watanzania tulipita njia nyingine. Sera ya elimu ya mwaka 1995 iliitambua elimu ya awali kwa watoto wa miaka mitano na sita, na darasa lao likawekwa katika shule ya msingi. Hivyo mwalimu wetu aliweza kuwa mtumishi wa serikali. Lakini si mara chache darasa hilo lilikabidhiwa mwalimu aliyesomea kuwafundisha watoto wakubwa. Kenya ilikuwa na mwalimu aliyefunzwa bila ya mshahara wa kutegemewa. Sisi tulikuwa na mwalimu mwenye mshahara bila ya mafunzo ya kazi hiyo.

Katika hali zote mbili anayepata hasara ni mtoto. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga. Nasi hatuna budi kuongeza kwamba mkono unaomkunja lazima uwe umefunzwa, na lazima uwe umelishwa. Nchi itakayoyatimiza yote mawili kwa pamoja ndiyo itakayokuwa imemheshimu kweli mwalimu wa chekechea.