Sheria Inapogongana na Maadili: Kanuni za Wanasaikolojia wa Marekani, 1938–2015

1.0 Utangulizi
Taaluma inayogusa nafsi ya binadamu hulazimika kujiwekea miiko. Miiko hiyo hupimwa pale mwajiri au dola inapomtaka mwanataaluma aikiuke. Insha hii inachunguza jinsi Chama cha Saikolojia cha Marekani (APA), kilichoasisiwa mwaka 1892, kilivyolishughulikia suala hilo. Hoja kuu ni kwamba mgogoro ulioibuka baada ya mwaka 2001 haukusababishwa na uhaba wa misingi ya maadili. Ulichochewa na sentensi moja iliyoruhusu misingi hiyo kuwekwa chini ya amri ya mamlaka.

2.0 Chimbuko la Kanuni
Kwa zaidi ya miongo minne chama hicho hakikuwa na kanuni za maadili zilizoandikwa. Mwaka 1938 kiliunda kamati ya kutafakari iwapo zilihitajika. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wanasaikolojia wengi walikuwa wametoka katika maabara na kuingia katika tiba, ushauri na usaili wa wafanyakazi, hivyo haja ya kanuni ikawa bayana. Kamati iliyoongozwa na Nicholas Hobbs haikuanza na nadharia. Iliwaandikia wanachama wote, takribani 7,500, na kuwaomba waeleze matukio waliyoyashuhudia ambayo yalidai uamuzi wa kimaadili. Taarifa zaidi ya 1,000 zilipokelewa, zikachambuliwa na kujadiliwa, na kanuni za kwanza zikachapishwa mwaka 1953. Kwa hiyo, msingi wake ulikuwa uzoefu wa watendaji wenyewe.

3.0 Ridhaa na Utii
Katika utafiti, kipimo kikuu cha maadili kilikuwa kimekwisha kuwekwa mwaka 1947, mahakama ya Nuremberg ilipowahukumu madaktari wa utawala wa Nazi na kutamka kuwa ridhaa ya hiari ya mtafitiwa ni sharti lisiloepukika. Hata hivyo, kuwa na kanuni hakukumaliza utata. Stanley Milgram wa Chuo Kikuu cha Yale, katika jaribio alilolichapisha mwaka 1963, aliwaambia washiriki kuwa walikuwa wakisaidia utafiti wa kumbukumbu na kujifunza. Kumbe kilichopimwa kilikuwa utii wao. Kati ya washiriki 40, 26 walifuata maagizo hadi kubonyeza swichi ya mwisho ya volti 450, wakiamini kuwa wanamuumiza mtu mwingine, ilhali hakukuwa na umeme uliompata. Mwaka 1964 Diana Baumrind alihoji iwapo washiriki hao walitendewa kwa heshima na kulindwa dhidi ya madhara ya kisaikolojia. Mjadala huo ulichangia kuandikwa kwa misingi mahususi ya utafiti unaohusisha binadamu, iliyotolewa na APA mwaka 1973.

Jaribio hilo lilifunza mambo mawili kwa pamoja: kwamba mtafitiwa anahitaji kulindwa, na kwamba mtu wa kawaida anaweza kumtesa mwenzake akipewa amri na mwenye mamlaka. Somo la kwanza liliingizwa katika kanuni. La pili halikupewa uzito uleule.

4.0 Kifungu cha 1.02
Toleo la mwaka 1992 lilielekeza kuwa, majukumu ya kimaadili yanapogongana na sheria, mwanasaikolojia atangaze msimamo wake na kutafuta suluhu kwa njia ya uwajibikaji. Toleo la mwaka 2002 liliongeza kuwa, mgongano usipotatulika, anaweza kufuata sheria, taratibu au mamlaka nyingine ya kisheria. Uandishi wa nyongeza hiyo ulianza kabla ya mashambulizi ya Septemba 2001, lakini matumizi yake yalibadilishwa na mazingira mapya. Mwaka 2005 jopo la APA, ambalo wengi wa wajumbe wake wenye kura walikuwa na uhusiano na jeshi au vyombo vya usalama, liliona kuwa wanasaikolojia wanaweza kushiriki katika mahojiano ya usalama wa taifa. Wakati huo, mahabusu wa Guantánamo walikuwa wakihojiwa bila ulinzi ambao kanuni zilimpa hata mwanafunzi anayejaza hojaji.

Upinzani ulitoka kwa wanachama wenyewe. Kura yao ya mwaka 2008 ilikataza kazi katika vituo vinavyokiuka sheria za kimataifa. Mwaka 2010 kifungu cha 1.02 kilirekebishwa ili kisitumike kamwe kutetea ukiukaji wa haki za binadamu. Mwaka 2015 uchunguzi huru wa mwanasheria David Hoffman ulihitimisha kuwa baadhi ya viongozi wa chama walishirikiana kwa siri na maofisa wa Wizara ya Ulinzi, ingawa baadhi ya waliotajwa waliupinga. Agosti mwaka huohuo, baraza la chama lilipiga marufuku ushiriki katika mahojiano hayo kwa kura 157 dhidi ya 1.

5.0 Hitimisho
Neno “anaweza” liliufanya uamuzi wa kutii uonekane kuwa wa kimaadili. Kwa muktadha huo, mtathmini wa kanuni za taaluma yoyote hana budi kuuliza, pamoja na kile zinachoamuru, ni nani anayeruhusiwa kuzitengua. Kanuni za mwaka 1953 zilizaliwa kwa kuwasikiliza watendaji. Marekebisho ya mwaka 2010 nayo yalisukumwa na watendaji waliokataa kunyamaza. Waliokosa sauti katika nyakati zote mbili ni wale ambao kanuni hizo zilikusudiwa kuwalinda.